Nukta ya Zanzibar Ukutani

Mzee wa Alief, mtaa wetu hapa Houston, tuliyemzika Jumatano aliwahi kuwasaidia watu kuizunguka dunia. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno, kwa sababu tangazo la msiba lililozunguka kwenye simu zetu lilimtaja kama dereva mstaafu wa lori, na si zaidi. Wasomaji wangu, sikubali.

Ujanani mwake, Wamarekani walipokuwa ndiyo kwanza wanajifunza kurusha watu angani, walijenga kituo cha mawasiliano Tunguu, Unguja. Chombo kikipita juu yetu, sauti ya rubani ilidakwa pale na kupelekwa kwao. Mitambo ilitaka umeme usiokatika, umeme ulitoka kwenye jenereta, na mmoja wa waangalizi wa jenereta hiyo alikuwa yeye. Chombo kilisikika dakika chache tu, kisha kikapotea. Dakika hizo, alinihadithia, alisimama kiganja kikiwa juu ya mashine, akiusikiliza mtetemo wake, na hata mbu akimuuma hakujikuna.

Mimi sikumwamini. Nilidhani anatia chumvi, nikamwambia hivyo kwa mzaha, sebuleni kwake, mbele ya wageni. Alininunia mwezi mzima. Halafu asubuhi moja akanipigia simu, nimpeleke makumbusho ya anga, upande wa pili wa Houston. Tuliendesha karibu saa nzima, yeye kavaa kanzu na kofia aliyoshonewa na marehemu mkewe, mjukuu wake wa kike kakaa nyuma na simu yake.

Ukutani palikuwa na ramani ya vituo vya zama zile, kila kituo na nukta yake nyekundu. Penye kisiwa chetu hapakuwa na kitu. Mzee akaweka kidole hapo, na hakukiondoa. Mlinzi akaja kumwomba asiguse. Mjukuu alishikwa na aibu. "Babu, please, twende. Uta-get us in trouble."

Mzee hakugeuka. "Kwetu niliitwa kibaraka wa Wamarekani kwa kazi ile," alisema. "Huku naitwa muongo. Mwambie huyu bwana, zamu yangu mashine haikuzimika hata siku moja."

Binti akatafsiri. Mlinzi akasema ramani haikuchorwa na yeye. Baadaye nilikwenda kutafuta vitabuni. Zanzibar imo kwenye orodha ya vituo. Nilimwomba mzee radhi, akanisamehe, lakini kile kidole bado kinanichoma.

Wenye makumbusho yale wana kosa lao, na nitawaandikia. Hasira yangu kubwa ni kwetu sisi. Hapa Texas tunaosha wagonjwa Missouri City, tunapakia mizigo maghalani Garland, kisha tukizungumzia kazi zetu tunainamisha macho, kana kwamba waliofanya makubwa ni wale tu waliopigwa picha. Rubani alistahili sifa zake zote. Aliyeshika mashine naye hakuwa mtazamaji.

Jumamosi baada ya hitima, mjukuu aliniomba nimpeleke tena makumbusho. Alikuja na karatasi ya vibandiko vyekundu vya duara. Akabandika kimoja penye Unguja, akaweka kidole juu yake. Mlinzi, safari hii mwingine, akamwambia kitabanduliwa jioni.

"It's okay," binti alimjibu, bila aibu. Kisha akanigeukia mimi. "Vimebaki thelathini na tano. Tuta-come back every Saturday."

Nami nitaendesha. Wazee wenu wakiwa bado hai, waulizeni walishika nini kwa mikono yao, na mkiambiwa, aminini kabla ya mazishi.