Mkono wa Bi Mwanaesha

Ilikuwa mwaka wa 2021. La, nakosea: ni 2022, kwa maana barakoa tulikuwa tushazivua, nami nazurura zangu kama kawaida, kutoka Majengo hadi Kibokoni. Huko ndiko akaako Bi Mwanaesha, aliyekaanga mahamri ya kuuza miaka thelathini mpaka bega likakataa kukanda unga. Asipokanda, ataishi vipi? Swafia, binti wa kaka yake, akamshauri afundishe kwa mtandao. Wakajiandikisha watu kumi na wawili, wote wa mbali, na darasa lianze Jumatatu.

Alhamisi akaniita nikipita.

"Mzee Kahindi, wewe hujapata kushika mwiko. Ukiweza wewe, nani atashindwa?"

Wakanipa simu yenye somo walilorekodi, wakaniacha jikoni peke yangu. Dakika kumi nzima ni salamu na habari za mababu. Kisha: "Tia tui kiasi."

Nikapaza sauti, "Kiasi gani?"

"Mpaka mkono ukwambie!" akajibu Bi Mwanaesha kutoka ukumbini.

"Mkono wangu bubu, bibi!"

Mahamri yangu yakatoka bapa. Swafia akagonga moja mezani, ko ko. "Babu, haya tutajengea ukuta."

Tukacheka, ila Bi Mwanaesha. Alikuwa akipapasa bega lake. "Basi. Kupika najua, kufundisha sijui."

"Tulianzia mwanzo, shangazi," Swafia akamwambia. "Tuanzie mwisho. Mwanafunzi akimaliza aweze nini?"

"Hamri livimbe, ndani liwe tupu."

"Basi kila somo liende huko."

Salamu zikafupishwa, mababu wakaambiwa wangoje. Somo moja, kazi moja, na mwanafunzi atume picha ya unga wake ndipo aendelee. Bi Mwanaesha akamimina tui kwa mazoea yake, lakini Swafia akalikinga kwa kikombe cha kupimia: kumbe kiasi ni kikombe kimoja na robo! Na ulaini wa unga je? Bi Mwanaesha akajishika sikio. "Ukiwa laini kama ndewe, acha kukanda."

Jumamosi nikarudia. Yalipovimba mafutani kama mashavu ya mpiga zumari, Bi Mwanaesha alisema alhamdulillahi, akakaa chini kama mtu aliyetuliwa gunia.

Wale kumi na wawili walimaliza wote, wakatumiwa vyeti vyenye sahihi yake. Sasa anafundisha kundi la nne, na bega limepumzika.

Siku ya vyeti nilikuwapo, nikauliza: na mimi niliyefeli kabla yao wote, changu ki wapi? Bi Mwanaesha na Swafia walikuwa wakila mahamri. Nikajitwalia moja; cheti nakingoja mpaka leo.