Ya Tatu, Baada ya Daraja na Viazi

Jumanne asubuhi nilikuwa jikoni kwangu Gatitu, kikombe cha chai mkononi, redio ilipoanza taarifa ya habari. Ya kwanza: daraja la miguu kule ng'ambo ya Kiganjo limekamilika na watu wameanza kulivuka. Ya pili: baridi ya kuunguza majani ya viazi inatarajiwa mashamba ya karibu na mlima, kwa hiyo wakulima wajiandae. Ya tatu ilinifanya niweke kikombe mezani. Mhariri wa habari wa kituo hicho hicho cha redio amefariki hospitalini baada ya kuugua. Ya tatu! Mwanamke aliyeisuka taarifa ile kwa mikono yake, na kwenye kituo chake mwenyewe, amepangwa nyuma ya viazi. Nilipiga simu studio mara moja. Aliyepokea ni msomaji wa habari, mwanamke niliyemfundisha mimi mwenyewe kukaa mbele ya maikrofoni. Nikamuuliza ni nani aliyefanya upuuzi huo. "Mwalimu, saa hii narudi hewani," akasema kwa sauti ya chini. "Jioni utakuja matanga, si ndio? Tutaongea huko."

Wasomaji wangu wa kila wiki wanajua nilikotoka, na sitaona haya kuwakumbusha. Niliondoka Nyeri bila mjomba wa kunishika mkono. Ughaibuni nilipanga maboksi kwenye ghala lenye baridi kuliko Nanyuki mwezi wa Julai, nikasoma, nikarudi na diploma ya uanahabari na uwezo wa kujenga nyumba ya mawe. Nilipoingia kwenye kituo chake kuomba kazi, marehemu alitazama cheti changu kwa makini, akanirudishia, akasema, "Sawa, mtu wa majuu. Hii inaonyesha uko na bidii. Sasa nionyeshe uko na masikio." Nilimpenda siku hiyo hiyo, ingawa nilibishana naye kwa muda wote niliofanya kazi hapo.

Wakati huo habari za mji wetu zilichaguliwa na gari na chakula cha mchana. Mheshimiwa alipokuwa na hafla, gari lake lilipita vituoni kuchukua waandishi. Waandishi walikula, wakapiga picha, wakarudi na hotuba nzima, na hotuba hiyo ikawa habari ya kwanza. Kusikokwenda gari hakukutokea kitu. Hakuna aliyetoa amri iwe hivyo, tulizoea tu. Marehemu alikuwa na swali moja alilomuuliza kila mwandishi asubuhi: "Mtu wa Kiganjo akisikia hii, kesho atafanya nini tofauti?" Ukikosa jibu, habari yako ilishuka chini au ilitupwa. Mimi nilimpinga. Darasani nilifunzwa kwamba mtu mkubwa ni habari kwa ukubwa wake. "Hata akifungua geti?" akaniuliza. Nikasema hata akifungua geti. Chumba kizima kilicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu siku hiyo mheshimiwa alikuwa amefungua geti kweli.

Jioni ya siku hiyo ya geti, habari ya kwanza aliyoipanga marehemu ilikuwa daraja la akina mama wa maziwa, kule ng'ambo ya Kiganjo. Mafuriko yalikuwa yamelibeba, na wanawake walikuwa wakivuka mto juu ya gogo, mtungi mgongoni, kufikia kituo cha kukusanya maziwa. Mmoja wao alikuwa ameteleza na kuvunjika mkono. Habari ilipita kimya. Hapo ndipo diploma yangu ilipofanya kazi, na wazo hilo ni langu, sitampa mtu mwingine. Nilisema twende mtoni wenyewe, kwa miguu, turekodi maji yakinguruma na sauti ya mwanamke akiwa juu ya gogo. Asifuye mvua imemnyea, na mwandishi naye ni hivyo hivyo. Tulimrekodi yule mama aliyevunjika mkono, sasa akibeba mtungi kwa bega lingine. "Mnarekodi nini?" akatuuliza katikati ya gogo. "Nikianguka mtanishika, ama mtaniuliza najisikiaje?"

Sauti hiyo ilirushwa kila Jumatatu, na kila Jumatatu ilifuatwa na maneno yale yale: daraja bado. Kitu kikitajwa redioni alfajiri, ifikapo saa nne kinazungumzwa kwenye foleni ya kinu cha mahindi, Jumapili kinaombewa kanisani, na baadaye mtu mkubwa anaanza kuulizwa kwenye harusi kwa nini hajafanya kitu. Ndiyo nguvu yetu, wenzangu wa kalamu, na mara nyingi tunaitumia kwenye mageti. Msaidizi wa mheshimiwa alipiga simu kulalamika. "Mama, habari ni mheshimiwa, si gogo." Marehemu akamjibu, "Basi mwambie akuje alivuke. Akivuka, ataanza taarifa." Mheshimiwa alikuja kweli, na kamera zake. Akaweka kiatu kimoja kwenye gogo, akatazama maji, akakitoa. Tulianza taarifa naye kama tulivyoahidi: mheshimiwa amefika mtoni, na amerudi. Mafundi walianza kuchimba mashimo ya nguzo kabla mvua nyingine haijanyesha.

Kwa hiyo jioni ya Jumanne nilifika matanga na swali langu. Nyumba ilijaa, chai ilikuwa inazunguka, na yule msomaji wa habari alikuwa ameketi na wanawake wa kwaya, macho mekundu. "Mwalimu, usinigombeze," akasema. "Tulikaa sote tukauliza swali lake. Mtu wa Kiganjo akisikia daraja liko tayari, kesho atabadilisha njia. Mwenye viazi akisikia baridi, atafunika. Akisikia Madam ametuacha, atalia, lakini njia yake ni ile ile." Akajifuta uso kwa leso. "Ningemweka wa kwanza, angefufuka anifute kazi."

Kando yake alikuwa mama wa mtungi, yule wa mkono. Alikuwa amevuka daraja mchana huo kuja kulia. "Nilitembea katikati kabisa," akaniambia, "na sikuangalia chini."

Nimewaza tangu siku hiyo, na sina huzuni ya kuwapa. Mhariri ameshinda pale ambapo hata kifo chake kinapangwa kwa kipimo alichowafunza wenzake, na kipimo hicho kinampeleka nafasi ya tatu. Wengi wetu tutatajwa kwanza na kusahaulika kabla ya habari za michezo. Mimi nimemweka wa kwanza hapa, kwa sababu safu hii ni yangu na hapa nachagua mimi. Lakini ukiwa unaishi ng'ambo ya Kiganjo na bado unazunguka kwa njia ndefu, weka gazeti chini. Daraja liko tayari.