Pua Yangu, Ulimi wa Yohana

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa gunia lililolowa maji. Nilikwenda na kanzu safi nikitarajia kalamu, maana nilisoma kidogo. Karani Mkuu, Mgoa mmoja mpole, akanionyesha ngazi ya kushukia chini ya ghala kule Kurasini, akaniambia nilitundike ukutani. Kila gunia lilipokauka nilililowesha tena. Ndivyo tulivyolizuia joto la Dar es Salaam lisiipike divai nyekundu ya Kifaransa iliyoletwa na meli.

Nyie vijana mkiona chupa mnadhani kazi iliisha ilipozibwa. Thubutu! Divai nzuri hulazwa miaka. Ikiwa changa ina ukakasi unaokausha ulimi kama bibo bichi, na ukakasi huo hulainika taratibu gizani. Chupa hulazwa ubavu ili kizibo kisikauke, maana kikikauka hupitisha hewa, na hewa huigeuza divai kuwa siki. Ndani hutuama mashapo meusi, kwa hiyo tulimimina polepole, shingo ya chupa ikiwa mbele ya mshumaa, na weusi ulipofika shingoni tuliacha.

Karani Mkuu aliporejea kwao, Meneja, Mwingereza wa maneno machache, akataka kunipandisha niwe mtunza ghala. Mtunza ghala huonja chupa ya kila shehena, akasema ipi iuzwe na ipi iendelee kulala. Hapo nikakwama. Nilikuwa nimemposa Mwanahawa, binti wa Mzee Mwinyimvua wa Temeke, na mzee alikwishaniwekea sharti.

"Kuyabeba hayo machupa utajibu mwenyewe kwa Mola wako," aliniambia. "Lakini siku mdomo wako ukiyagusa, binti yangu simtoi."

Nilimpenda Mwanahawa hata usingizi ukanipaa, na bila kazi ile nisingeweza kumweka nyumbani. Nikamweleza Meneja ukweli, nikingoja kufukuzwa.

"Pua ni nusu ya kazi," akasema. "Nusu ya pili, tafuta mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa Yohana, mpakizi wetu, Mngoni Mkristo aliyepanga Kinondoni. Mie nilinusa. Harufu ya gunia lenye ukungu maana yake kizibo kimeharibika, na siki haijifichi. Yohana alipima ukakasi kwa ulimi, kisha akatakiwa kutema kwenye ndoo, kama waonjaji wote wafanyavyo ili wasilewe.

Yohana hakutema. Kabla ya adhuhuri alikuwa akiimba nyimbo za kanisani katikati ya makreti, tena kwa sauti nzuri. Meneja akaniita.

"Akilewa tena, anaondoka. Nawe utaonja mwenyewe, au nitaweka mtunza mwingine."

Nikamweka Yohana kitako.

"Kwetu ukipewa kinywaji ukakitema mbele ya aliyekupa, umemtukana," akasema. "Na huyu Meneja anasimama ananitazama usoni. Nitamtemeaje?"

"Utanikosesha mke, Yohana."

"Najua, ndugu yangu. Roho inataka, mdomo unakataa."

Nilibembeleza, nikafoka, nikachoka. Ijumaa jioni nikamchukua hadi Temeke. Mzee Mwinyimvua alikuwa barazani akitafuna tambuu, tasa lake la shaba la kutemea likiwa pembeni. Yohana akamwamkia shikamoo, mzee akaitikia marahaba, akatema kwenye tasa, akapangusa midomo na kuendelea kumuuliza habari za Songea. Yohana akabaki ameduwaa. Mzee akamkunjia na yeye tambuu. Akatafuna mpaka mashavu yakajaa, macho yakamtoka, lakini hatemi.

"Tema, mwanangu," mzee akasema. "Ukimeza kichwa kitakuzunguka, watu waseme nimemdhuru mgeni. Hapa kwangu kutema ndiyo adabu."

Yohana akatema. Kisha, bila haya, akaomba nyingine.

Nikamweleza mzee kilichotuleta. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Kwa hiyo wewe unanusa, mwenzio anatema, Mzungu anauza?"

"Ndivyo, mzee."

"Na mdomo wako?"

"Hajagusa hata tone," Yohana akanijibia. "Mie ndiye ninayezigusa zote."

Jumatatu mzee alituletea tasa lake la zamani tuiweke ndoo pembeni. Yohana akalitemea kwa mbwembwe, na Meneja hakuniita tena. Kabla ya Ramadhani nilimwoa Mwanahawa, na furaha ya siku ile sijapata kuimaliza.

Mwaka huo ilikuja shehena ambayo Yohana aliikunjia uso kwa ukakasi. Tukailaza. Vita vikaja, meli zikaadimika, Meneja akaondoka, wakaja wengine, nami nililowesha magunia yale yale. Nilipostaafu, Meneja wa mwisho alinipa chupa moja ya shehena ile. Wakati huo sheria ya serikali ya kutuzuia sisi Waafrika vinywaji vya Wazungu ilikuwa imelegezwa.

Mwanahawa akasema hailali kwake. Nikaipeleka Kinondoni kwa Yohana, na tasa kwapani kwa mazoea. Tukawasha mshumaa mchana kweupe, nikammiminia. Nikanusa kwanza. Ilikuwa safi, na nilijisikia vizuri kuwa nimeitunza miaka yote ile bila kuijua ladha yake. Sijutii. Kazi ilinipa nyumba, mke, na rafiki.

Yohana akaiweka mdomoni, akafumba macho.

"Ukakasi?" nikamuuliza.

Akatikisa kichwa kukana. Nikamsogezea tasa. Akalitazama, akanitazama mimi, akameza.

"Zile zilikuwa kazi," akasema. "Hii nimepewa na wewe."