Kanga ya Bibi Iliyofika Mikumi

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya swali moja. Mjomba wa Zena, mchumba wangu, alinikaribisha vizuri kwao Chanzuru, akanipa kiti, kisha akauliza, "Ninyi ni wa ukoo gani?" Nikajibu kwamba marehemu baba alikuwa karani wa reli. Wazee wakatazamana.

"Hatukuuliza kazi," alisema mjomba. "Hatuwezi kuozesha ndugu kwa ndugu. Kaulize kwanza, ndipo urudi."

Asubuhi ya safari nilimkuta mama uani akikanda unga wa maandazi yake ya kuuza. Nilimwambia tu kwamba nakwenda kutafuta kwetu. Akanipa kifurushi: doti ya kanga na kilo ya sukari, na sukari siku hizo ilikuwa ya kupangiwa foleni. "Ukifika Kilosa mpitie Bibi Mwanaidi, mdogo wake mama yangu. Mpe hivi." Niliitikia huku nafunga viatu. Ukoo niliudhani ni mambo ya upande wa baba, na shangazi yangu alikuwa Mikumi.

Treni iliingia Kilosa mchana. Kwa bibi hapakuwa mbali na stesheni, lakini lori la Mikumi lilikuwa limeanza kujaza watu. Nikajiambia nitampitia wakati wa kurudi. Ukweli ni kwamba nilimwona bibi kama kituo cha kunichelewesha.

Njiani tuliacha mashamba ya mkonge, tukapita kijiji kiitwacho Ulaya, tukaingia porini. Karibu na Mikumi tembo walisimama barabarani. Dereva akazima injini, na abiria wote, hata mlevi aliyekuwa akiimba tangu Kilosa, wakanyamaza mpaka wakubwa hao walipoondoka.

Mikumi nilimkuta shangazi, dada yake baba, katika kijiji cha ujamaa. Alikuwa amehamishwa kutoka milimani pamoja na wenzake, na nyumba zao sasa zilikuwa zimepangwa mstari. Hatukuwa tumeonana tangu mazishi ya baba, nikaona haya kufika mikono mitupu. Nikatoa kifurushi cha mama. "Shangazi, nimekuletea zawadi." Alifurahi akajifunga kanga palepale, na sukari ikaingia kwenye chai.

Tulipokwisha kunywa nikamuuliza ukoo wetu.

"Wangu nitakutajia, lakini huo si wako wewe. Huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mama yako anasemaje?"

"Sikumuuliza."

"Kwao hana mtu mzima?"

"Yupo bibi, Kilosa."

"Ulimpitia?"

"Nitampitia nikirudi," nilijibu. Shangazi akaitazama kanga, akanitazama mimi. "Hii ilikuwa ya nani, mwanangu?"

Nikamwambia. Aliingia ndani, akatoka na kanga yake kuukuu kiunoni na ile mpya ameikunja, juu yake sukari iliyosalia. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza, maana usiku ule nilikula ugali wake bila kuweza kumtazama usoni.

Kilosa tena. Bibi Mwanaidi alikuwa kibarazani akipepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Jirani alikuona stesheni juzi. Nikapika, nikakungoja."

Nikamwomba radhi. Akanisogezea mkeka kana kwamba ndiyo kwanza nashuka kwenye treni. Akautaja ukoo wetu, akaniambia ulivyosafiri. Mama wa bibi yake alishuka kutoka milima ya Ukaguru mwaka wa njaa, akiwa na jembe moja na mabinti wawili. Mmoja aliolewa Msowero. Wa pili alifuata mto mpaka hapa Kilosa, na ndiye aliyetuzaa sisi. Kisha akauliza ukoo wa Zena. Nilipoutaja akatikisa kichwa. "Hao si ndugu zetu. Oa."

Hapo ndipo nilipompa kifurushi. Akaikunjua kanga, akapitisha kidole kwenye mikunjo.

"Hii imeshafungwa."

Nikamweleza yote. Akajifunga vilevile, akanijazia mfuko wa karanga. "Za mama yako. Hizi usizigawe njiani."

Morogoro nilifika mama anawasha moto wa maandazi. Nilimweleza safari nzima, pamoja na kanga, na jinsi nilivyojifunza mbali kwamba kwetu ni kwake. Alimenya karanga mbili tatu. Kisha akabandika karai.

"Ungeniuliza mimi siku ile," alisema, "ningekutajia kabla mafuta hayajapata moto."