Shuka Jekundu la Senga Rafferty

Cumbernauld, mji mpya wa Scotland, umejengwa juu ya kilima, na upepo ndio uliopewa nyumba ya kwanza. Mvua ikinyesha, nusu ya maji huteremkia mashariki na nusu magharibi, yote yakiwa yameshapitia kwenye kola ya shati lako. Senga Rafferty alihamia huku mwaka 1963 akitoka kwenye jengo la Glasgow ambalo familia nne zilitumia choo kimoja. Hapa akapata cha peke yake. Wageni wa wiki ya kwanza walionyeshwa choo kabla ya chai.

Kazi yake ilikuwa kupeleka barua kwa miguu. Waliochora mji hawakutaka watu wakutane na magari: milango ya mbele inatazama vijia, magari yanaishia nyuma, kwenye gereji na mapipa ya taka. Namba za nyumba zilikuwa mbele tu.

Mchana mmoja jirani yake, Ishbel, alishikwa na uchungu. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika. Hii aliilinda kwa roho yake yote. Mumewe, Shug, alimpigia simu mkunga, kisha akaenda kumngoja mlango wa mbele, kama mtu wa Glasgow mwenye adabu. Nusu saa ikapita. Senga akatokea na mfuko wa barua.

"Shug, umesimama hivyo unapigwa picha?"

"Namngoja mkunga. Alisema dakika kumi."

"Anakuja na gari?"

"Sasa atakuja na ngamia?"

"Basi yuko nyuma, bwege wewe. Anaibishia hodi gereji."

Senga akapita ndani mbio, akanyakua shuka jekundu kwenye kamba ya uani, akapanda juu ya pipa na kulipunga. Gari dogo la kijivu lilikuwa likizunguka kipilefti kwa mara ya sita.

"Dada, mji wenu hauna milango?" mkunga aliuliza akishuka.

"Unayo, mama. Imekupa mgongo tu. Pita jikoni."

Mtoto alitoka kitovu kimemzunguka shingoni. Mkunga akakifungua, kisha mtoto akalia. Ndiye mama yangu, na hajanyamaza hadi leo.

Wiki hiyohiyo Senga alizunguka na kopo la rangi, akaandika namba kwenye mageti yote ya nyuma. Tangu hapo, mtaani kwetu, palipo na mgonjwa hutundikwa kitambaa chekundu nyuma.

Mwaka jana uchungu ulimshika dada yangu. Dereva wa ambulensi alikuwa na ramani kwenye simu, inayojua kila kitu isipokuwa milango yetu. Getini alimkuta Senga, miaka themanini na sita, na shuka begani.

"Bibi, namba kumi na nne iko wapi?"

"Umeiegemea, mjukuu wangu. Niliiandika mwenyewe. Pita jikoni."