Friji la Waridi

Mapendo alizaliwa Kalemie, ng'ambo ya ziwa, ambako mama yake alikuwa mpishi wa mhandisi wa reli, Mbelgiji. Nyumba ile ilikuwa na vyombo ambavyo watoto wa vibarua walisukumana dirishani kuvitazama: stovu ya kijani, mizani ya manjano, na friji la mafuta ya taa la rangi ya waridi. Mama yake alimfundisha kukata utambi wa friji lile mpaka moto uwake buluu bila moshi. Moto wa njano, alimwambia, haugandishi kitu.

Vita vilipofika Kalemie mwanzoni mwa mwaka 1997, Mapendo alivuka ziwa na bintiye Agape, wa miaka kumi na mmoja. Mumewe alibaki nyuma, na hakuna aliyemletea habari zake tena. Katika kambi ya wakimbizi hakukaa hata mwezi. Agape alikuwa na kisukari, akichomwa sindano asubuhi na jioni, na dawa yake haivumilii joto. Zahanati ya kambi ilikuwa na friji moja, nalo walisema ni la chanjo tu. Basi Mapendo akamshika mtoto mkono, akatoroka naye mpaka Ujiji.

Ujiji alipokewa na Mwanakombo, mjane mwenye nyumba kubwa na watu wachache. Siku ya kwanza, alipoingia sebuleni kusalimia, Mapendo alisahau hata salamu. Ukutani lilisimama friji la waridi, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Marehemu mume wa Mwanakombo alilinunua kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa akihama. Lilikuwa limekufa miaka tisa, lakini hakuna aliyefikiria kulitoa. Maharusi wa mtaa mzima walikuja kupigiwa picha ubavuni mwake.

"Hii frigo naijua," Mapendo alisema.

Alilala kifudifudi sakafuni, akachomoa taa yake ya chini, akaisugua masizi, akakata utambi. Siku ya tatu maji yaliganda kwenye bakuli. Mwanakombo akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mama Agape, wewe humu hutoki tena."

Ndipo chupa za dawa zikapata mahali. Mwezi wa tisa daktari mmoja wa wakimbizi alimpa Mapendo sita kwa mpigo, akamwonya kwamba hajui zingine zitapatikana lini.

Mwezi wa kumi, joto likiwa kali, Zubery, shemeji yake Mwanakombo, alikuja na mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeitwa Pastory, dalali wa vitu vya zamani. Pastory alilizunguka friji, akapapasa mlango wake kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mnadani. "Nyeupe nazikuta hata kwenye mabanda ya kuku," alisema. "Za rangi zimekwisha. Mwaka mzima nimepata mbili tu."

Mwanakombo alikataa. Zubery akamkumbusha kwamba ile ni mali ya marehemu, na warithi wenzake wameshakubaliana. Mjane angebishana na nani?

Mapendo alikuwa Kibirizi kununua dagaa. Aliporudi alimkuta Agape amekaa kizingitini, kapakata chupa tano zilizofungwa kwenye khanga mbichi. Khanga ilikuwa imeanza kukauka.

"Mama, wameibeba. Inaenda na treni."

Mapendo hakutua hata kapu. Alikimbia njia nzima ya kwenda Kigoma, ndara moja ikakatika, akaitupa na ya pili. Stesheni alilikuta friji kwenye jukwaa la mizigo, limefungwa magunia, na Pastory kaketi juu ya sanduku lake anakula karanga. Mapendo alimpigia magoti mbele ya wapagazi.

"Baba, mutoto wangu atakufa."

Akamweleza yote. Pastory alisikiliza akitazama pembeni. Alisema anasikitika, lakini mali imekwishalipiwa, na mwenye hoteli mmoja wa Dar anaisubiri.

"Bila mimi haiwezi kugandisha," Mapendo alisema. "Utambi wake hamuujui."

"Nani kakwambia wanataka igandishe? Itakaa mapokezi. Ndani wataweka taulo."

"Sasa wanataka nini?"

"Rangi, mama. Rangi tu."

Mapendo akasimama. "Basi chukua rangi. Uniachie baridi."

Pastory hakuelewa, mpaka alipovutwa mkono hadi mgongoni mwa friji na kuonyeshwa mabomba. Mashine yote ilikuwa imefungwa pale kwa skrubu, kipande kimoja kinachotoka kizima. Pastory akapiga hesabu ya uzito na usumbufu wa kubeba, akakubali, si kwa huruma. "Treni inaondoka saa kumi na moja. Ukilikwaruza hata kidogo, tutafikishana polisi. Na wewe karatasi huna."

Mapendo alimkimbilia Dismasi, fundi wa friji pale mtaa wa Mwanga. Dismasi alikuja, akatazama, akatikisa kichwa. "Humu kuna hewa ya sumu, dada. Bomba likipasuka, tumekwisha." Lakini alifungua. Skrubu mbili zilikuwa zimeshikwa na kutu, na kwa ya mwisho alitumia nusu saa, jasho likimchuruzika machoni, Mapendo akishikilia mabomba kifuani kama mgonjwa anayenyanyuliwa kitandani. Yalitoka mazima, na taa ya chini Mapendo akaichomoa. Friji likapakiwa behewani, linang'aa, tupu.

Kule Ujiji Dismasi alitengeneza sanduku la mbao, akajaza pumba za mpunga kati ya kuta zake za ndani na za nje, akaifunga mashine ndani. Mapendo aliwasha taa. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili, hakuna kitu. Chupa zilikaa kwenye mtungi uliofukiwa katika mchanga uliolowa maji, lakini mbili zilishaota vipande vyeupe, nazo akazitupa. Hata zilizobaki joto lilizipunguza makali, na Agape akaishiwa nguvu. Alikunywa maji bila kukoma, pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyooza, na Mapendo akamwongezea dawa kwa kubahatisha, asijue kama anamponya au anamuua.

Alfajiri ya siku ya nne Mwanakombo alitia mkono sandukuni, akaita kwa sauti. Mabomba yalikuwa yameota barafu. Adhuhuri Agape aliomba uji.

Lile sanduku lilinuka mafuta ya taa na pumba, na hakuna bi harusi aliyekuja tena kupiga picha. Chupa tatu ziliwafikisha mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Kuanzia hapo Mapendo alizunguka kila hospitali na kila misheni akiomba chupa moja moja, akinyimwa mara nyingi kuliko alivyopewa. Mwaka ule Agape hakufa. Kila jioni, baada ya sindano, mama yake aliinua chupa kwenye mwanga, akatazama zimebaki siku ngapi.