Injini ya Ziwa Uani Kwetu Langas

Naikumbuka siku moja, mwanangu, ambayo nikiiwaza tu, hata na magoti haya yaliyochoka, nataka kusimama nicheze. Ni siku ambayo injini ya boti ilifika uani kwetu Langas, hapa Eldoret, mahali ambapo maji mengi tuliyoyajua yalikuwa ya Mto Sosiani na ya mvua za Aprili.

Aliyeileta alikuwa Mjomba Wanyama, kaka wa mama yangu, mvuvi wa Ziwa Victoria. Hakuja na injini nzima. Alikuwa ameifungua ile sehemu ya chini, inayozama majini na kubeba gia na propela, akaiviringisha kwa blanketi kama mtoto mchanga na kupanda basi nayo. Binti yake, Nabwire, alikuwa anaolewa kesho yake. Wao walikaa kisiwani, kanisa lilikuwa ng'ambo, na boti ya kumvusha bibi harusi ndiyo hiyo iliyokuwa ikikwaruza kama inayotafuna mawe.

Kwa nini aje kwetu? Kwa sababu Baba alikuwa fundi wa trekta. Wenye mashamba ya mahindi hadi Moi's Bridge walimjua. Lakini injini ya boti hakuwa ameishika hata mara moja. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, msichana wa spana kuliko wa sindano, na alikuwa akinifunza kazi.

"Shemeji, utaweza kweli?" Mjomba aliuliza.

"Sijui," Baba akasema akicheka. "Lakini gia ni gia. Tuifungue, itatuambia yenyewe."

Kuuliza si ujinga, mwanangu, hata ukiuliza chuma.

Tulitandika gunia kwenye saruji ya uani tukaanza. Nilipolegeza skrubu ya chini, oili iliyotoka haikuwa nyeusi. Ilikuwa nyeupe kama chai ya maziwa! "Maji yameingia," Baba akasema. Tukatoa propela, na hapo nyuma yake tukamwona mwizi: uzi wa nyavu ulikuwa umejisokota kwenye shafti ukakata ule mpira unaozuia maji, ambao mafundi huuita sili. Nilipiga kelele kama niliyeokota dhahabu. Majirani wakachungulia juu ya ua, na mmoja akauliza kama sasa tutakuwa tunaenda sokoni kwa kupita Sosiani.

Kila kilichotoka nilikipanga juu ya gunia, kimoja nyuma ya kingine, ili kirudi mahali kilipotoka. Baba akabeba ile sili iliyokatika hadi mjini, akarudi na ya pikipiki iliyolingana nayo kabisa. Tulisafisha, tukapaka grisi, tukarudisha. Nilipozungusha shafti kwa mkono, gia zikaitikiana bila kelele yoyote. Wee! Mwili mzima ulinisisimka.

Mjomba tayari alikuwa amelikunja blanketi lake. "Bado," Baba akamwambia. Akaunganisha pampu ya baiskeli kwenye tundu la oili, akaizamisha ile kazi yetu yote ndani ya pipa la maji ya mvua. "Pampu."

Nikapampu. Karibu na propela kakapanda kapovu kamoja. Kisha kengine. Hewa ilikuwa inatoka, na inapotoka hewa maji huingia.

"Hako ni kadogo sana," Mjomba akasema. "Basi linaondoka, shemeji. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Baba alinigeukia mimi. "Boti hii kesho itabeba watu. Wewe ungepanda?"

Niliyatazama yale mapovu. Bandu bandu huisha gogo, na ziwa halichoki kubandua. "Hapana, Baba," nikasema. "Nisingepanda."

"Basi fungua."

Mjomba akakaa chini, akajishika kichwa. Nilifungua upya, na nikaona: uzi mmoja wa gunia, mwembamba kama unywele, ulikuwa umebanwa chini ya mdomo wa sili. Nikautoa, nikasafisha, nikafunga. Tukazamisha tena. Nikapampu hadi mikono ikauma. Maji yakatulia kama kioo.

"Na sasa?" Baba akauliza.

"Sasa ningepanda hata leo!"

"Basi nenda," akasema. "Aliyefunga ndiye anayepanda."

Unaona mambo hayo? Nilitoka Langas na grisi kwenye kucha, nikapanda basi la mwisho na Mjomba, na asubuhi nikaifunga ile sehemu kwenye injini yake ufukweni mwa kisiwa chao, nikaijaza oili mpya, nikiwa nimevaa gauni la kwendea harusini! Tulipofika katikati ya ziwa upepo ukaamka. Mawimbi yalirusha maji hadi tukamfunika Nabwire kwa turubai, naye chini yake anacheka. Injini ikaimba. Akina mama wakaimba kuishinda. Nami niliimba kuliko wote, kwa maana nilijua kila kilichokuwa kikizunguka chini yetu.

Tulipotia nanga nililegeza skrubu ya chini kidogo tu. Oili ikadondoka safi, rangi ya asali. Niliporudi nyumbani Baba hakuniuliza kuhusu keki wala nguo. Aliuliza rangi ya oili, na nilipomwambia alipiga makofi kama mtoto.

Mwanangu, kazi yako nyingi itatumiwa na watu usiowaona. Ukijenga, jenga kama utakayelala humo. Ukipika, pika kama utakayekula. Kasoro ndogo ukiiona usiionee haya, wala usikubali haraka ya mtu mwingine ikufumbe macho. Kurudia kazi si aibu. Na ukishajua imekamilika, ifurahie kwa sauti, maana furaha ya fundi ni halali yake.

Mungu aibariki mikono yako. Akupe macho ya kuona kilicho kidogo, na watu wa kuimba nao siku kazi yako inapowafikisha salama. Amina.